Kumfuata minde kwenye matope ya Rungwe

Minde ni mnyama wa Tanzania peke yake, hapatikani nchi nyingine yoyote, na bado ukimtaja pale stendi ya Nane Nane, Mbeya, wengi watakuuliza ndiye nani huyo. Ni wa ukoo mmoja na funo na paa, ila yeye ni mmoja wa mabonge wa familia: dume anaweza kuvuka kilo 50. Rangi yake ni kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, na katikati ya vipembe vyake vifupi ana shungi la nywele nyekundu. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1890. Baada ya hapo zaidi ya miaka mia ikapita wakimjua kwa ngozi, mafuvu na maneno ya wawindaji. Picha ya kwanza ya minde akiwa hai porini ilipatikana 2003, tena hakuna binadamu aliyebonyeza kitufe, ilikuwa kamera ya kutegesha kwenye misitu ya Udzungwa.

Mwaka huohuo, huku kwetu Rungwe, watafiti waliokuwa wakihoji wawindaji wa Kinyakyusa walisikia habari za kima anayeitwa kipunji. Ilionekana kama habari ya mizimu. Kumbe yumo, na analia juu ya miti kila siku. Alitangazwa duniani 2005, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake peke yake la kisayansi, la kwanza jipya kwa kima wa Afrika tangu 1923. Basi mimi na binamu yangu tukasema, kama kima mwenye kelele alijificha hivyo, itakuwaje huyu anayetembea kimya, peke yake, tena usiku? Kumwona hatukutegemea. Tulitaka nyayo tu.

Haya yafuatayo nimeyaandika nikiwa nyumbani, kutoka kwenye daftari lililolowa na picha za simu.

Alhamisi: Mbeya hadi Tukuyu

Ni kama kilomita 70 tu, lakini tulitumia karibu saa nne. Foleni ya kutoka mjini hadi Uyole, kwa sababu ya ujenzi wa njia nne, ilitufanya tumalize karanga za safari kabla hata ya kuianza safari yenyewe. Nauli ya kosta ilikuwa 4,000 kwa kichwa. Konda alitaka 2,000 nyingine kwa ajili ya begi, mama mmoja wa kiti cha mbele akamgeukia, "We mwanangu, begi hilo limekaa kiti cha nani?" Konda akacheka, akapita.

Ukishapita Igawilo barabara inapanda milima ya Uporoto na baridi inaingia yenyewe dirishani. Isongole kuna viazi mviringo na kabichi kando ya lami, gari likisimama tu madirisha yote yanajaa ndoo. Baada ya hapo unateremka kuelekea Kiwira, migomba inaanza, na Mlima Rungwe unakuwa kushoto kwako, ukiwa na bahati ya kukuta mawingu yameinuka. Sisi hatukuwa nayo. Mlima wa mita 2,960 hivi, hatukuuona hata kidogo siku hiyo.

Gesti Tukuyu 20,000 kwa chumba, maji ya moto ya ndoo. Usiku tulikula ndizi za kupika na maharage kwa mama ntilie, 2,500 sahani, na parachichi zima la bure juu yake. Nilipouliza bei ya parachichi alinitazama kama niliyeuliza bei ya hewa.

*Kwa mtakaokuja:* nunueni gambuti sokoni Tukuyu kabla ya kupanda vijijini. Sisi tulipata kwa 18,000 jozi. Mwenye mguu mkubwa kuliko namba 44 aje nazo kutoka Mbeya.

Ijumaa: kibali, na mzee

Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, zaidi ya hekta 13,000, na uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Huingii tu kwa kuwa unamjua mtu kijijini. Ofisini walitupokea vizuri, wakauliza tunafuata nini. Tuliposema minde, askari mmoja kijana akaacha kuandika. "Mnaomba kumwona au mnaomba kumtafuta?" Tukasema kumtafuta. "Hapo sawa," akaendelea kuandika.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu, na risiti mnapewa. Sitaji kiasi kwa sababu viwango hubadilika. Ulizeni siku hiyohiyo. Mtandao wa malipo ulikuwa chini hadi saa nane mchana, tukakaa kibarazani tukinywa chai ya maziwa na kusikiliza mjadala wa bei ya chai mbichi.

Askari yule ndiye aliyepangiwa kwenda nasi, na ndiye aliyetuelekeza kwa mzee mmoja upande wa mashariki wa mlima, jirani na ushoroba wa Bujingijila, ule ukanda mwembamba wa msitu unaounganisha Rungwe na msitu wa Livingstone. Kijiji sikitaji. Sababu mtaiona mbele.

Bodaboda 8,000 kila mmoja, njia ya vumbi jekundu chini na matope meusi juu. Kwenye mteremko mmoja tulishuka tukatembea, na dereva wangu akaburuza pikipiki huku akiimba kwaya.

Mzee tulimkuta anamenya ndizi na mkewe. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, karibuni, kaeni." Hakuuliza shida yetu mpaka tulipokula. Ndiyo adabu ya pale: mgeni hahojiwi na njaa. Mama alituletea maziwa mgando kwenye vikombe vya bati, kisha viazi vya kuchemsha, kisha ndizi, na kila tuliposema tumeshiba alisikia tumesema tuongezwe.

Askari ndiye aliyeeleza. Mzee akasikiliza, akafuta mikono.

"Minde nimemla," akasema.

Hakusema kwa kujisifu wala kwa aibu. Enzi za ujana wake walikuwa wakiingia msituni na mbwa, na minde alikuwa anajulikana kwa jambo moja: mbwa wakimbana, hakimbii mbali, anageuka na kusimama. Mbwa wake wawili walitobolewa ubavu. "Huyu si paa," akasema. "Paa anakuogopa. Huyu anakuchukia."

Binamu akauliza kama bado wapo. Mzee akamtazama askari kwanza. "Mimi siendi tena na mbwa. Nitajuaje?" Halafu, baada ya muda: "Kuna bonde la maji kule ndani. Kama wapo, wanakunywa pale."

Makubaliano yakawa 30,000 kwa siku kwa mzee. Alikataa kuchukua ya mbele.

Jumamosi: siafu na nguruwe

Tuliingia msituni saa moja asubuhi. Nusu saa ya kwanza ni mikaratusi na mashamba ya chai na viazi, haina la kusimulia. Kisha kuna mstari, kweli ni mstari, ambapo shamba linaisha na msitu unaanza, na mwanga unapungua mara moja.

Chini kulikuwa kumelowa ingawa ilikuwa Julai. Upande huu wa mlima unapata mvua ya ajabu, maeneo mengine hadi milimita 3,000 kwa mwaka, na wakati wa kiangazi ukungu unaendeleza kazi. Kila shina limevaa kuvumwani. Udongo ni mweusi, laini, wa majivu ya volkano ya zamani, na kwa kazi yetu hakuna udongo bora: ukilowa, unashika alama hadi ukucha.

Kabla ya saa nne binamu alipiga kelele kuwa amepata. Kweli kulikuwa na kwato mbili, kubwa, zimezama. Mzee akainama, akaweka vidole viwili nyuma ya alama. Kulikuwa na vitobo viwili vidogo, kimoja kila upande, vimetanuka nje.

"Nguruwe pori," akasema. "Vidole vyake vya nyuma vinagusa chini. Tena tazama alivyochimba." Mbele yake ardhi ilikuwa imefukuliwa kama shamba la viazi lililovunwa vibaya.

Kutoka hapo mzee akawa mwalimu. Pongo, akasema, kwato lake ni jembamba, kali mbele. Funo naye ni mkali mbele ila mdogo, wayo wake unaufunika kwa dole gumba na kidole cha pili. Minde ni mnene, ncha zake butu, na anakanyaga kwa uzito. Nikauliza vipi kuhusu mavi yake, maana nilisoma kuwa ndiyo watafiti huhesabu. Askari akaingilia hapo. Alisema Udzungwa walipima vinasaba vya kinyesi cha wanyama hawa, wakagundua kuwa kukitambua kwa macho peke yake si kwa kutegemea, hata kwa wazoefu. Mzee hakufurahishwa na habari hiyo. "Wazoefu wa wapi?" akauliza, na hakuna aliyemjibu.

Mchana tulikaa kula viazi baridi juu ya gogo, na gogo lilikuwa na wenyewe. Siafu hawatoi taarifa. Wanapanda kimya hadi kiunoni, ndipo wanaanza wote kwa pamoja, na mtu mzima anavua suruali mbele ya askari wa serikali bila kuomba radhi. *Ingizeni suruali ndani ya soksi, na soksi ndani ya gambuti. Msikae kabla ya kutazama mnapokaa.*

Saa nane tulimsikia kipunji. Hatukumwona, majani yalitikisika tu juu sana, lakini sauti yake haifanani na ya kima mwingine: mlio mzito, nusu kubweka, nusu honi. Kwa mtu mwingine hiyo ingetosha kuwa safari nzima. Tulirudi kijijini saa kumi na moja, bila nyayo yoyote ya maana.

Jumapili

Mzee haingii msituni Jumapili. Wamoravian walifika Rungwe 1891 na wamekaa. Tulikwenda kanisani, tukala ubwabwa wa mchele wa Kyela, mvua ikanyesha mchana kutwa na mimi nikalala.

Jumatatu: bonde la maji

Mvua ya Jumapili ilikuwa baraka, alisema mzee: imefuta za zamani, zitakazoonekana ni za jana usiku. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri na tochi.

Bonde lenyewe ni kama saa tatu za kutembea. Ni mahali ambapo vijito viwili vinakutana na kukosa njia ya kutokea, maji yanasambaa chini ya miti na kutulia. Kuna migomba mwitu pembeni, mianzi upande wa juu, na katikati ni tope jeusi lenye majani yaliyooza, ukikanyaga linanuka. Gambuti langu la kushoto lilibaki humo mara mbili. Tukagawana: mzee na binamu upande wa mianzi, mimi na askari upande wa chini.

Askari ndiye aliyeiona. Hakusema, alinyoosha kidole tu.

Ilikuwa kwenye ukingo, mahali tope linapoanza kukaza. Kwato moja, kamili. Upana wake ulikuwa vidole vyangu vitatu na ushee. Ncha zake hazikuwa kali, zilikuwa za mviringo, na upande wa nje ulikuwa umezama zaidi ya wa ndani. Jani moja jembamba lilikuwa limekanyagwa likazama katikati yake, bado bichi. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kujikusanya kwenye kisigino. Nyuma hakukuwa na vile vitobo viwili. Nikaweka kiberiti pembeni kwa ajili ya kipimo na kupiga picha, kisha nikapiga tena upande mwingine ili kivuli kionekane. *Fanyeni hivyo, picha ya nyayo isiyo na kitu cha kulinganisha haimsaidii mtu yeyote.*

Hatua mbili mbele kulikuwa na ya pili, imeteleza, haisomeki vizuri. Ya tatu iliingia majini.

Tukamwita mzee. Alikuja polepole, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu, akapuliza uchafu mdogo pembeni ya alama. Askari hakusubiri. "Pongo dume," akasema. "Mkubwa, tope limemtanua."

"Tope linatanua," mzee akakubali. "Lakini halikati ncha."

Wakabishana kwa Kiswahili kwa ajili yetu, kisha kwa Kinyakyusa kwa ajili yao wenyewe. Askari ana mafunzo na ana tahadhari ya mtu atakayeandika ripoti na kuisaini. Mzee ana mbwa wake wawili waliokufa. Mimi sina chochote, lakini nilimwamini mzee, na naendelea kumwamini.

Kilichotokea baadaye ndicho kilichonifanya niandike yote haya. Mzee aliacha ubishi, akaanza kufuata kijinjia kilichotoka pale ukingoni kuingia kwenye vichaka. Ni kinjia ambacho usipooneshwa hukioni: majani yameinama upande mmoja tu. Hatua kama ishirini ndani, akasimama, akanyoosha mkono nyuma kutuzuia.

Kilikuwa kitanzi. Waya wa breki ya baiskeli, umesafishwa na kupakwa tope ili usimetemete, umefungwa kwenye mti mchanga ulioinamishwa. Pembeni, vijiti vimechomekwa kulia na kushoto, kumlazimisha mnyama apite katikati. Kazi safi. Mzee akakigusa kwa fimbo, mti ukaruka juu kwa mlio, na sote tukarudi nyuma.

Halafu akapima. Alisimama pale kitanzi kilipokuwa na kuonesha kwa mkono: juu ya goti lake. "Paa angepita chini ya hapa bila kujua. Funo vilevile. Nguruwe angekisukuma kwa pua akang'oa na vijiti." Akamgeukia askari, na safari hii hakubisha, aliuliza: "Mwenye waya huu kategea nani?"

Askari hakujibu. Alitoa koleo begini na kuanza kukata.

Tulikuta vingine vinne kwenye kinjia hichohicho, vyote vimo katika urefu uleule. Sisi tulikuja na simu mbili, kiberiti na nyayo moja ya kubishaniwa. Kuna mtu mwingine, ambaye huenda amekaa nasi kanisani siku iliyotangulia, yeye hana ubishi wowote. Kaacha breki za baiskeli kwa ajili ya mnyama huyu, na amejua kifua chake kinapita wapi. Kwa maoni yangu ule ndio ushahidi mzito zaidi tuliourudisha kutoka msituni. Mpaka sasa natamani ungekuwa mwingine.

Kurudi kulikuwa kimya na kurefu. Binamu alibeba waya, umeviringishwa, hautimizi hata kilo.

Jumanne: Tukuyu na kurudi

Mzee alichukua pesa yake ya siku mbili, akakataa ya Jumapili tuliyomwongezea, akakubali sukari na gambuti zangu. "Za kwako zimeshaujua msitu," alisema. Mama alitufungia ndizi mbivu mfuko mzima. *Ndaga fijo*, asante sana, tukasema kwa Kinyakyusa, tukachekwa kwa matamshi.

Ofisini waya zilipokelewa na kuandikwa. Picha yangu askari aliitazama tena kwenye kompyuta, akaikuza, akaipunguza, akaandika: alama za kwato, mnyama hajathibitika. Nilipomuuliza angeandika nini kama ofisi isingekuwa na daftari, alitabasamu tu na kuomba nimtumie picha kwa WhatsApp. Alisema pia kwamba doria ya wiki hiyo itaanzia bonde lile, na pengine wataomba kamera ya kutegesha ikae pale miezi michache. Nimemwachia namba yangu.

Kwa wanaotaka kujaribu, njooni kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imepungua. Jiandaeni kwa baridi. Usiku kijijini nililala na koti na soksi mbili. Msiingie bila askari au mwongozaji aliyeidhinishwa, na hili si kwa ajili ya sheria peke yake: ukungu ukishuka, njia zote zinafanana. Mkikuta kitanzi msikiguse kwa mkono. Kabla ya kupiga picha ya nyayo, zimeni ile huduma ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa, na mkiirusha popote kijiji msikitaje. Wanaosoma si sisi peke yetu.

Chakula, usafiri, gesti, mzee na kibali, kwa watu wawili tulitumia chini ya laki tatu, bila gambuti. Kosta ya jioni kwenda Mbeya ilikuwa imejaa, tukapewa viti vya nyuma juu ya magunia ya parachichi, kwa 4,000 ileile.